Sorbonne ipi hiyo?

Ndugu, umesema umeona tovuti tatu zenye jina Sorbonne na wakala anakuhimiza ulipe. Usilipe bado. Chuo Kikuu cha Paris, kilichojulikana pia kama Sorbonne, kiligawanywa baada ya vurugu za wanafunzi za Mei 1968, vikazaliwa vyuo 13, na kadhaa vikang'ang'ania jina. Panthéon-Sorbonne ina sheria, uchumi na historia. Sorbonne Nouvelle, lugha, fasihi na sinema. Sorbonne Université, iliyoundwa 2018 kwa kuunganisha viwili kati ya vile 13, Paris 4 na Paris 6, ina fasihi, sayansi na tiba. Wewe unataka uchumi, basi anza na Panthéon-Sorbonne. Utaratibu wa maombi waulize Campus France, shirika la serikali ya Ufaransa linalohudumia wanafunzi wa kigeni, si wakala. Asipokutajia jina kamili la chuo, achana naye.