Mchango wa miti ya asili: usimlipe mtu kabla kiangazi hakijapita

Mkuu, nimesoma kwamba mnachangishana kwenye grupu la mliosoma pamoja ili mpande miche ya asili 5,000 kwenye chanzo cha maji cha kijijini kwenu, na kwamba "mtaalamu" wenu anataka hela yote mkononi kabla ya Juni. Simamisha kwanza. Hiyo sinema nimeshaicheza, tena mimi ndiye nilikuwa mweka hazina.

Lushoto, 2018. Jamaa alitufuata na laptopu na fulana ya kijani, akapiga hesabu: shilingi 800 kila mche, kuotesha humo humo. Milioni nne tukamkabidhi zote, nyingine zilitoka kwa ndugu zetu walioko Oman. Akataka tuoteshe Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, apate bango na mgeni rasmi. Mtoto wa darasa la tatu kule anajua masika huishia Mei, ukipitwa unangoja vuli. Mimi na digrii yangu nikapiga makofi.

Septemba nikapanda mlimani. Nikavuta mche wa kwanza uliokauka, ukatoka na kiriba chake! Nailoni haijachanwa, mizizi imejiviringisha humo ndani kama tambi. Wa pili vilevile. Nikahesabu mstari mmoja wa miche hamsini: hai saba. Nikafikicha jani la mmoja wa hao saba, harufu ya dawa ya kifua. Mkaratusi, mkuu! Kwenye chanzo cha maji, mti unaokunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi! Waliobaki ni migrivea. Nampigia jamaa, ananijibu bila aibu, "Hiyo ni miti ya asili." Asili ndiyo, ya Australia. Tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Picha lakini zilitoka safi, niko pale nimekumbatia mche kama bwana harusi.

Kwa hiyo hela haiendi kwa mche uliooteshwa, inaenda kwa mti uliovuka kiangazi. Mara ya pili tulikaa na kamati ya maliasili ya kijiji. Tukatoa kidogo cha viriba na uzio wa mbuzi, nyingine tukaishikilia mpaka Oktoba, tukahesabu mti mmoja mmoja na mwenyekiti wa kitongoji. Kina mama wa pale ndio walioukuza mkuyu, mringaringa na mshai, kwa mbegu walizookota msituni wenyewe. Hakuna aliyevaa fulana ya kijani.

Tena nusu ya hela hatukununulia miche kabisa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na kule mahindi yalikuwa yanalowesha miguu mtoni. Tukalipia vikao, alama za mpaka, na buti za vijana wa doria. Mahindi yalipoondoka, miche ya msituni ikachomoza yenyewe, bure, bila mgeni rasmi. Jaribu kuwaambia wachangiaji hela yao imenunua buti, utaona grupu linavyonyamaza.

Uliuliza pia habari za vyeti vya wachangiaji na nini tena sijui... sisi tulipewa vyeti, changu kimeziba tundu la panya stoo. Ila niambie, huyo mtaalamu wenu ameshawatajia miti kwa majina, au bado anasema "miche" tu?