Barua kwa mwanangu: pole ambayo hakuna aliyeitoa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tetemeko la Februari 2023 lilipoipiga Uturuki na Syria, kazini kwenu mlichangishana siku hiyohiyo na kusimama kimya dakika nzima. Mwezi uliofuata kimbunga Freddy kikaiangukia Malawi. Mwenzenu anayetoka Blantyre akafiwa na shangazi yake aliyefukiwa na matope, akakaa nyumbani siku tatu, akarudi kazini, na hakuna aliyempa pole. Unaniuliza, "Mama, ina maana hatuna utu?"

Utu mnao. Michango ya Februari haikutoka kwa watu wakavu wa moyo. Ila huruma yetu huenda inakoelekezwa, na aghalabu anayeielekeza ni mwenye kamera. Wachumi wawili, Eisensee na Strömberg, walichunguza majanga takribani 5,000 ya kati ya 1968 na 2002, wakatazama televisheni za Marekani ziliyatangazaje. Waligundua kwamba yaliyotokea wakati wa michezo ya Olimpiki yalitangazwa kidogo, na uwezekano wa serikali ya Marekani kupeleka msaada nao ukapungua. Maumivu ya watu yalikuwa yaleyale, mwanangu, ila siku hizo kulikuwa na mashindano ya mbio.

Nami nina langu la kuungama. Septemba 2002 nilikuwa napiga pasi, redio ikasema meli ya Joola ya Senegali imepinduka ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar. Nikasema "masikini", nikageuza shati upande wa pili. Ukosi ule mweupe naukumbuka hadi leo, kwa sababu miaka mingi baadaye ndipo nilipojua nilichokuwa nimekisikia. Meli ya watu wasiofika 600 ilibeba zaidi ya 1,800. Wengi walikuwa wanafunzi wanaorudi masomoni. Walionusurika ni 64. Waliozama na Titanic ni kama 1,500, na kisa chao nilikijua tangu utotoni, mpaka ile barafu. Joola hata jina sikulishika, na ilizama mimi nikiwa mtu mzima, redio ikiwa wazi pembeni yangu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipimi vizuri. Wanasikia idadi ya waliokufa, wanasema "si wengi". Kimbunga Maria kilipoipiga Dominica, nchi ya kisiwa huko Karibi, mwaka 2017, waliokufa na kupotea walikuwa 65 hivi. Lakini kisiwa kile kina watu wapatao 70,000 tu! Hasara ilizidi mara mbili ya pato la nchi nzima kwa mwaka. Nchi kubwa ikipigwa upande mmoja, upande mwingine huwa mzima, na huko ndiko hutoka madaktari, magari na unga. Dominica haikuwa na upande mwingine. Karibu kila paa liling'oka au kuharibika, na aliyetakiwa kuja kusaidia naye alikuwa akitafuta wa kumsaidia. Kwa hiyo nchi ndogo ndiyo hasa inayohitaji macho ya wengine, na ndiyo inayoyakosa.

Blantyre nako walianza wenyewe kujiokoa. Matope na mawe yaliporomoka usiku juu ya nyumba za mtaa wa Chilobwe, na watu wakawa wanachimbua kwa majembe na kwa mikono. Malawi peke yake ilipoteza zaidi ya watu 1,000, ukihesabu na wale ambao miili yao haikuonekana.

Mwenzenu huenda ameshazoea ukimya wenu. Wala usidhani kwamba muda umepita. Mpigie simu leo, kabla hujanijibu. Usianze kujieleza kwa nini hukusema kitu, maana hapo utakuwa unajitafutia wewe nafuu. Mpe pole, kisha umuulize shangazi yake aliitwa nani, alikuwa mtu wa namna gani, na kama walimpata wakamzika. Halafu nyamaza, umsikilize.

Mama yako