Randa za zamani zikae wapi karakanani?
Umeuliza kama randa zako za zamani za kampuni ya Stanley zifungiwe kabatini au zikae wazi. Mimi ningeziweka wazi, kwenye rafu iliyoinamishwa ukutani nyuma ya meza ya kazi, pale mkono unapofika bila kupiga hatua, kwa sababu randa ya kufuatwa kabatini mara nyingi huachwa bila kutumiwa. Kwenye ukingo wa chini wa rafu pigilia kipande cha ubao cha kuzuia randa zisiteleze, na kila moja itengewe nafasi yake, kwani mwili wake ni chuma cha kusubu, na randa ndefu ya Stanley iitwayo Namba 7, yenye urefu wa inchi 22, ikianguka sakafuni inaweza kupasuka. Huku pwani, ambako hewa ya chumvi huleta kutu upesi, pangusa maranda kila jioni, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani.