Malaria imetibiwa, mguu bado umevimba: pimeni matende, na damu itolewe usiku

Mkuu, umeuliza kuhusu shemeji yako aliyetoka Pangani: kapimwa hapa Moshi kakutwa na malaria, kamaliza dawa mseto, homa ikashuka, kisha mguu ukavimba, ukawa wa moto na mitoki inauma. Kioo (damu iliyopakwa kwenye kipande cha kioo na kusomwa kwa darubini) cha saa nne asubuhi hakikuonyesha minyoo. Kwa mtu wa pwani, kioo hicho hakijamtoa kwenye matende.

Mbu aina ya Anofelesi hueneza malaria na matende pia, hivyo mtu kuwa na vyote viwili si ajabu. Ila vijidudu vya matende (minyoo michanga) mchana hujificha kwenye mishipa midogo ya mapafu, hujaa kwenye damu ya kidoleni kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Ombeni damu itolewe muda huo, mikrolita 60 za tone nene, ipakwe rangi ya Giemsa. Msomaji aanze na lenzi ya 10, apitie kioo chote. Anayetafuta malaria huenda moja kwa moja kwenye lenzi ya 100 yenye mafuta, anaona sehemu ndogo tu, mnyoo unampita pembeni.

Kama usiku haiwezekani, kipo kipimo cha utepe cha antijeni (chembechembe za mnyoo kwenye damu): mikrolita 75, saa yoyote, kisomwe dakika ya 10 kamili. Kikiachwa zaidi huweza kutoa mstari wa uongo. Na mguu uliovimba miaka mingi unaweza kutoa majibu hasi kwa vyote viwili, minyoo ikiwa imeshakufa. Hapo daktari huamua kwa historia na kwa kumkagua.

Homa ikirudi, msitegemee kipimo cha haraka cha malaria. Hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Takeni kioo.

Sasa huo mguu wa moto: mara nyingi ni bakteria walioingia kwenye mpasuko katikati ya vidole. Apelekwe leo apewe antibayotiki, apumzike, mguu uinuliwe. Dawa ya minyoo isubiri shambulio lipite. Ikifika wakati wake, hospitali itampa albendazo miligramu 400 pamoja na ivermektini kwa uzito. Tafadhali msinunue DEC (dawa nyingine ya minyoo ya matende) kienyeji: mkoa wa Tanga, ilipo Pangani, una maeneo yenye usubi (ugonjwa mwingine wa minyoo, unaoathiri ngozi na macho), na dawa hiyo kwa mwenye usubi inaweza kuumiza macho.

Uvimbe ukitulia, aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaushe kila katikati ya vidole bila kusugua.