Usilipe hiyo karo kabla kijana hajaonja kazi

Dada, usilipe. Hata hiyo nusu ya "kushikilia nafasi" usiitume.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: dada ana kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili, yuko kitengo maalum cha shule moja huko Kisauni, Mombasa. Wakala wa chuo cha bweni amempa hadi mwisho wa mwezi alipe karo ya mwaka mzima, kijana akasomee ushonaji miaka miwili, eti akitoka na cheti kazi zinamngoja. Dada anauliza alipe sasa ama amwache amalize shule kwanza, na kadi ya ulemavu anaipataje.

Kulipa sasa ni hasara, na kungoja amalize pia ni hasara. Kijana aingie kazi ya kweli, mahali pa kweli, angali mwanafunzi. Kozi mtaizungumza baadaye. Kazi kwanza, cheti nyuma.

Sababu ni hii, na huyo wakala hawezi kukuambia. Vijana wengi wenye ulemavu wa akili wakifundishwa kitu kinakaa, lakini kinakaa pale pale walipofundishiwa. Anapiga pindo safi kwenye cherehani ya umeme ya chuo, mwalimu kasimama nyuma yake, kitambaa kishakatwa. Mrudishe nyumbani kwenye cherehani ya kukanyaga: gurudumu litazungukia nyuma, uzi utajisokota chini ya sindano, naye atainua mikono akae. Mtu wa nyumbani atasema amesahau, au mvivu. Hajasahau! Kwake hiyo ni kazi nyingine kabisa na hakuna aliyemfundisha. Na miaka yote miwili hajapanda matatu peke yake, hajashika pesa, ameamshwa kwa kengele. Anarudi na miaka 19, karo imekwenda, na Kisauni yenyewe inabidi afundishwe upya.

Hawa mawakala wananiudhi kupita kiasi. Kazi yao ni kujaza vitanda, na wanajua mzazi wa mtoto kama huyu hulala akiwaza "nikifa atabaki na nani," basi wanamshika hapo hapo. Muulize swali moja tu: waliomaliza mwaka juzi wako wapi sasa, wanamfanyia nani kazi, nipe namba ya mwajiri mmoja nimpigie. Akianza kukuonyesha picha za mahafali, kata simu. Na wale wanaosema "subiri amalize, serikali itajua la kufanya" wanadanganya kwa upole tu. Siku ya mwisho ya shule ikipita hakuna idara itakayokuja kubisha hodi kwako. Kijana anabaki sebuleni, na alichojua kinaanza kupotea.

Hata cheti chenyewe hakilazimu uanze na chuo. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu, inafanywa hata na mtu aliyejifunzia jua kali. Akishika kazi, mkono ukazoea, atatahiniwa kwa kile anachokijua tayari.

Sasa fanya hivi. Tafuta sehemu ya kazi anayoweza kufika kwa miguu, ndani ya robo saa. Isiwe duka la shemeji yako anayemhurumia. Iwe na kazi inayojirudia, msimamizi yule yule kila siku, na isiwe na kelele zinazomsumbua. Kisauni hapo wako wanaofunga mabuyu na kachiri za kuuza, wako madobi, wako wanaoosha magari. Nenda na barua ya mwalimu mkuu inayosema huyu bado mwanafunzi na haya ni mazoezi. Kwa barua hiyo mlango unafunguka, na ndiyo maana nasema angali shuleni. Usiombe ajira. Omba muda wa saa mbili tu, Jumanne na Alhamisi, wiki nne, na useme atakuja na mtu wa kumfundisha, mwenye duka asipoteze wakati.

Tuseme ni mabuyu. Kabla ya siku ya kwanza, nenda wewe ufunge pakiti ishirini kwa mikono yako, uandike kila hatua. Anaosha mikono, anavaa kofia na glavu, anafungua mdomo wa mfuko, anachota kikombe kimoja kilichopigwa mstari, anamimina, anafuta mdomo wa mfuko kwa kitambaa kikavu, anatoa hewa, anabana kwenye mashine ya joto, anahesabu moja-mbili-tatu, anaachia, anapanga kumi kwenye katoni. Hatua ya kufuta ndiyo watu huiruka. Unga wa sukari ukibaki mdomoni mwa mfuko, plastiki haishikani, pakiti inafunguka dukani na mwenye mali anamlaumu kijana. Akibana kupita kiasi, mfuko unaungua na kutoboka, kwa hivyo ile hesabu ya moja-mbili-tatu ifundishwe kama hatua yenyewe.

Anza kumfundisha kutoka mwisho. Wewe fanya zote, yeye afanye ya mwisho tu, kupanga kwenye katoni. Akiiweza bila msaada siku tatu mfululizo, mwongezee ya kabla yake. Kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake, anaona katoni imejaa. Ukianza na kuosha mikono, atachoka kabla hajaona faida ya chochote.

Na mdomo wako ufunge! Kila mtu anafundisha kwa kusema: "haya chota, haya mimina, haya funga." Kijana anazoea kungoja sauti, na siku hupo amesimama tu. Kusema ndio msaada mgumu kuliko yote kuuondoa. Mshike mkono, kesho mguse kiwiko tu, kesho kutwa onyesha kwa kidole, kisha rudi nyuma hatua mbili. Kabla ya kumsaidia, ngoja, hesabu moyoni hadi tano. Chora karatasi yenye safu tatu, "mwenyewe," "kwa ishara" na "kwa mkono," utie alama kila hatua. Baada ya wiki mbili karatasi itakuonyesha hatua gani imekwama, na mara nyingi kinachohitaji kubadilishwa ni kifaa: kikombe chenye mpini mkubwa, meza iliyoshushwa, alama ya rangi kwenye mashine. Kwa kazi ya chakula atahitaji pia cheti cha afya, na hukaguliwa upya kila miezi sita. Usingoje afisa wa afya ya umma aje ndio mkimbizane.

Malipo yazungumzwe mapema. Wakati wa mazoezi, sawa, halipwi. Siku anapofunga katoni peke yake, alipwe kwa katoni, bei ile ile ya wenzake. Soda na mandazi si mshahara.

Matatu mfundishe baadaye, kazi ikishika na ikibidi avuke daraja la Nyali kuja mjini. Kanuni ni ile ile, mfundishe ndani ya matatu yenyewe, saa ile ile atakayosafiri. Kaeni kiti kimoja, halafu kaa nyuma yake, halafu mngojee anaposhuka. Kinachowaangusha vijana ni makanga kusema "mwisho hapa" kabla ya steji kwa sababu ya foleni. Kwa hivyo mshushe makusudi steji moja kabla, umfundishe la kufanya: asimame, atoe kadi yenye namba yako, amwendee mwenye duka aliye karibu, asimfuate mtu. Nauli ya kwenda na ya kurudi zikae mifuko tofauti, na ya ziada iwepo, maana mvua ikinyesha bei inapanda.

Kuhusu kadi ya ulemavu: tathmini inafanywa na madaktari kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen. Kabla hujaenda, weka cheti chake cha kuzaliwa kando ya kitambulisho chako na cha babake, usome majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili mbele ya karani. Rekebisha sasa, ana mwaka mmoja tu kabla ya kuomba kitambulisho chake, na bila hicho hana laini ya jina lake wala M-Pesa ya kupokelea malipo.