Viungio vya mawe ya uani vinavyobomoka
Dada, umeuliza kama upake dawa ya kuzuia maji juu ya viungio vinavyomung'unyika: hiyo ni kupoteza hela. Chokoa kwanza saruji ya zamani kwa patasi, sentimita 2 au 3, fagia, lowesha. Kisado 1 cha saruji kwa 3 vya mchanga, maji kidogo tu: ukifinyanga, tonge lisimame. Shindilia kwa mwiko mwembamba.

Mchanga usichote ufukweni hapo Mikindani, hata kama ni wa bure! Mimi nilichota, ua wote ukatoa chumvi nyeupe kama umemwagiwa unga wa muhogo.

Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Dawa isubiri karibu mwezi, pakauke kabisa, kwa hiyo anza kiangazi hiki, usingoje mvua za Desemba.