Je, roboti hurudisha udhibiti wa mkojo mapema?

Ndugu, umeuliza kama mzee akitolewa tezi dume yenye saratani kwa roboti atadhibiti mkojo mapema kuliko kwa upasuaji wa kufungua tumbo. Usitegemee hivyo. Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kwa roboti na wengine kwa kufunguliwa tumbo, matokeo ya kwanza yakachapishwa 2016: baada ya wiki 12, mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana kimsingi, na miaka 2 baadaye hali ilikuwa ileile. Roboti ilishinda kwenye damu (takriban mililita 440 zilipotea, dhidi ya 1,300 hivi) na siku za kulazwa.

Roboti haikati yenyewe. Mikono ni ya daktari. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume imeng'ang'ania ubavuni mwa tezi kama utando, na kuivuta au kuiunguza kidogo tu kunatosha kuilemaza. Kwa hiyo muulizeni daktari: umefanya ngapi, na wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka?

Mpira wa mkojo hukaa kama siku 7 hadi 10. Ukichomoka nyumbani, msiurudishe wenyewe wala msikubali muuguzi ausukume kwa nguvu: mshono wa kibofu na njia ya mkojo bado mbichi, utachanika. Mrudisheni kwa aliyempasua, siku hiyohiyo.